Irankunda aliposhuka ngazi ili apate dakika

Nestory Irankunda huachia shuti kabla beki hajajua kwamba amekusudia kupiga. Washambuliaji wengi huvuta mguu nyuma sana, na mvuto ule ndio unaomwambia beki ajitupe na kipa ajipange. Yeye mguu wake wa kulia hauendi mbali. Hukanyaga na wa kushoto karibu na mpira, hukaza kifundo, huinamisha kifua, kisha goti linafyatuka. Kipa anapoanza kuruka mpira umeshamfikia. Bao lake la kwanza katika Ligi Kuu ya Australia, mwaka 2022, lilikuwa la mpira wa adhabu uliopigwa kutoka mbali, naye alikuwa na miaka 15.

Alizaliwa Kigoma tarehe 9 Februari 2006, kwa wazazi wa Kirundi waliokimbia vita kwao. Alikuwa bado mtoto mchanga familia ilipopelekwa Australia, kwanza Perth, baadaye Adelaide. Watanzania tukisikia Kigoma tunataka mara moja kusema kijana ni wetu. Naielewa hamu hiyo. Hapa kwetu Vuga, Usambara, hasa hatuna sababu ya kumtazama mkimbizi kwa jicho la pembeni, maana masimulizi ya wazee yanasema utawala wa Wakilindi uliokaa hapa ulianzishwa na Mbegha, mwindaji aliyekimbia kwao Ngulu kwa kuwa ndugu walimwona kigego, yaani mtu wa mkosi. Lakini mchambuzi lazima aseme kilichotokea: mpira Irankunda hakujifunza Kigoma. Alijifunza Adelaide, na namna alivyojifunza ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Klabu ya Adelaide United haikubahatika kwa mtu mmoja. Awer Mabil, aliyezaliwa kambi ya Kakuma kaskazini mwa Kenya kwa wazazi kutoka Sudan Kusini, alianza kuichezea mwaka 2013. Mohamed Touré, aliyezaliwa Conakry kwa wazazi waliokimbia vita vya Liberia, alifuata mwaka 2020. Kisha Irankunda. Wote watatu waliingia timu ya wakubwa kabla ya kutimiza miaka 18, na wote watatu wakafika Ulaya. Mabil amecheza Denmark, Ureno, Uturuki, Hispania, Jamhuri ya Cheki na Uswisi, na ndiye aliyepiga penalti ya mwisho ya Australia dhidi ya Peru Juni 2022, ile iliyofuatiwa na penalti ya Peru iliyookolewa, Australia ikaenda Kombe la Dunia. Watoto wa wakimbizi wako katika miji mingi duniani. Hawa walikuta klabu isiyoogopa kumweka mtoto uwanjani mbele ya mashabiki.

Kocha Carl Veart alimtumia Irankunda kwa hesabu. Mara nyingi alimwacha benchi, akamwingiza kipindi cha pili. Dakika ya 65 beki wa pembeni amekwisha kupanda na kushuka mara nyingi, miguu mizito, na nyuma yake kuna nafasi. Ukimletea wakati huo kijana mwenye kasi na shuti la ghafla, unampa mtihani mgumu kuliko wote akiwa amechoka. Kwa Adelaide ulikuwa mpango mzuri. Kwa mchezaji mwenyewe ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilionekana baadaye: anayeingia mwishoni hukuta mechi imeshafunguka. Hajifunzi kukaba tangu filimbi ya kwanza, wala kutulia dakika thelathini bila kugusa mpira huku akiendelea kukimbia ili kuwafungulia wenzake njia.

Bayern Munich walimsajili Novemba 2023, lakini hakuhama hadi Julai 2024. Sheria ya FIFA hairuhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama kwenda klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kwa hiyo alibaki Adelaide msimu mzima akiwa tayari ni mali ya Wajerumani, na badala ya kulegea akautumia vizuri: mwaka 2024 alifunga mabao matatu katika mechi moja.

Alipofika Munich alikuta Leroy Sané, Kingsley Coman, Serge Gnabry, Jamal Musiala, na Michael Olise aliyesajiliwa kiangazi hichohicho. Wote wanacheza maeneo anayoyacheza yeye. Hakupata hata mechi moja ya Bundesliga. Alipelekwa kikosi cha pili, kinachocheza daraja la nne la Ujerumani, na Januari 2025 akaenda kwa mkopo Grasshopper ya Zürich, timu iliyokuwa ikipigana isishuke daraja. Agosti 2025 akaondoka Bayern moja kwa moja, akajiunga na Watford ya daraja la pili Uingereza.

Vijiweni hapa kwetu habari hiyo ilipokelewa kama msiba. Bayern hadi Watford! Mimi nasema huo ndio uamuzi bora kuliko wote aliowahi kufanya. Mshambuliaji hatengenezwi na jezi anayofanyia mazoezi. Kumalizia ni kazi ya kurudia: kuona pengo, kuamua, kukosea, kuzomewa, na Jumamosi inayofuata kurudi tena. Daraja la pili la Uingereza lina mechi 46 za ligi kwa msimu. Mabeki wake wanapiga mwili, viwanja vya Januari ni vizito, na mara nyingi kuna mechi katikati ya wiki. Kijana ambaye Adelaide alikuwa akiingia kipindi cha pili alihitaji shule ya namna hiyo.

Anayebisha amtazame Saido Berahino, jirani yetu zaidi. Alizaliwa Bujumbura mwaka 1993, vita vikamuua baba yake, akafika Uingereza akiwa na miaka 10. West Bromwich Albion walimlea tangu utotoni. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 20 katika mashindano yote, 14 kati yake ya Ligi Kuu. Alikuwa mshambuliaji wa kati hasa: akiingia boksi hakutafuta mguso wa pili, alipiga chini, pembeni mwa kipa. Kiangazi cha 2015 Tottenham walimtaka, klabu ikakataa kumwachia, na uhusiano ukaharibika. Dakika zikapungua, na dakika zilipopungua na jicho la goli likapotea. Kuanzia Februari 2016 hadi Agosti 2018, siku 913, hakufunga bao hata moja katika mechi ya klabu. Miguu ilikuwa ileile. Kilichokatika ni mazoea ya kuamua bila kufikiri, na mazoea hayo hayatunziki benchini. Inaniuma hadi leo, kwa sababu Burundi walipofika AFCON kwa mara ya kwanza mwaka 2019, wakiwa na Berahino kama nahodha, ule ukali wa miaka minne nyuma haukuwepo tena.

Irankunda amechagua dakika badala ya benchi mapema, na dalili zimeonekana timu ya taifa. Bao lake la kwanza kwa Australia lilikuwa penalti dhidi ya Palestina Juni 2024, katika mji wa Perth ambako familia yake ilitua kwanza. Chini ya Tony Popovic, anayepanga mabeki watatu nyuma, hasimami tena kwenye chaki kusubiri mpira. Anasogea ndani, nyuma ya mshambuliaji wa kati, mahali ambapo kiungo wa ukabaji anadhani ni wa beki na beki anadhani ni wa kiungo. Kutoka hapo hahitaji kupiga chenga wawili ili afike golini. Mguso mmoja unatosha kulitumia lile shuti lisilo na taarifa. Septemba 2025 Auckland, Australia iliifunga New Zealand 3-1: Touré mawili, Irankunda moja. Mwezi uliofuata, Montreal, yeye ndiye aliyefunga bao pekee dhidi ya Kanada.

Kuna upande mmoja zaidi ambao viongozi wa timu za Lushoto na Bumbuli wanapaswa kuujua. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwa ada ya euro milioni 1, kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya euro 2,500, na kuanzia miaka 16 ni euro 5,000. Klabu iliyomlea miaka minne ya mwanzo inastahili euro 10,000. Kigoma haina chake kwa Irankunda, maana aliondoka akiwa amebebwa. Mtoto wa Vuga anayecheza leo akiwa na miaka 12 bila jina lake kuandikwa katika mfumo wa usajili wa shirikisho letu la soka, TFF, yuko palepale: akifika mbali, timu iliyomnunulia viatu vya kwanza haitakuwa na karatasi ya kuonyesha.