Anza na Dirisha

Juzi nilikaribishwa chai katika nyumba moja ya wageni huku Lushoto, na kila aliyeingia sebuleni aliusifia ukuta kwamba ni udongo wetu mtupu. Nilinyamaza kwa adabu tu. Ile ilikuwa rangi ya damu ya mzee, imepakwa juu ya skimu laini, inameta.

Anayetaka kuijua rangi ya udongo wetu aanzie barabara ya Mombo kupanda Soni, pale mlima ulipochongwa. Wekundu ule ni chuma kilichobaki udongoni baada ya mvua za miaka isiyohesabika kuosha vingine. Ukilowa huelekea kahawia, ukikauka hupauka. Rangi ya sebule iko katikati: ukingo ulionyeshewa usiku, ukatazamwa saa nne asubuhi. Ikivuta zambarau, siyo. Ikivuta pinki, umeibiwa: fundi amechukua ndoo ya rangi nyeupe ya bei rahisi akaikorogea oksaidi ya sakafu. Weupe ule hautoki. Akizidisha oksaidi, ukuta unatoa unga na mgeni anaondoka nao begani. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia chumba cha namna hiyo, na uchungu wake haujaisha. Rangi nzito huchanganywa kwenye besi isiyo na weupe, na isiwe ya kung'aa. Milango ibaki mbao. Sakafu iwe saruji nyekundu iliyopigwa nta, kama ya wazazi wetu.

Hayo hata mwanagenzi huyajua baada ya mwaka. Asiloliona ni unene wa ukuta pembeni mwa dirisha.

Karibu kila mtu hupaka sehemu hiyo nyeupe, akidhani anaongeza mwanga. Anakiua chumba. Huku kwetu kuna ukungu. Juni na Julai mwanga huingia wa kijivu, wa baridi. Ukigonga weupe kwanza, hubaki kijivu, na ukuta mwekundu ulio kando yake hugeuka mweusi kama wa jiko la kuni. Ukigonga wekundu kwanza, huingia umeshapata joto, hata dari hushika haya kidogo.

Bibi aliyesiriba nyumba yetu Mlalo, enzi za ghorofa za udongo zenye roshani za mbao, hakuwahi kushika brashi. Alikanda udongo na mchanga na mavi ya ng'ombe, akausambaza kwa kiganja, na alipofika konani hakusimama. Kiganja kilizunguka na kona mpaka kikagusa fremu, kona ikabaki mviringo kama bega. Huwezi kusema ukuta uliishia wapi.

Katika mafundi wa rangi za dukani nimemwona mmoja tu anayefanya hivyo, mzee sasa. Kwanza huvunja ncha ya lipu kwa msasa. Rola huiweka chini, huzungusha brashi kwa mkono mmoja bila kuinua. Kazi ikiisha hurudi alfajiri, taa zikiwa zimezimwa, akaitazame peke yake. Wenzake hubandika tepu konani ili mstari unyooke, na mstari huo ndio unaopigwa picha.

Ukienda kukagua nyumba, zima taa. Weka kiganja kwenye kona ya dirisha lisilopata jua. Ukikuta ncha kali, na weupe ng'ambo yake, usijisumbue na kuta nyingine.