Tui Halitaki Papara

Mpishi hodari wa viazi vya nazi utamjua hata kabla nazi haijavunjwa, kwa namna anavyochagua viazi. Vingi vinavyouzwa Mombasa huteremka kutoka bara, Nyandarua na Meru, na aina ya Shangi ndiyo iliyojaa sokoni. Ni kiazi cha unga, huiva upesi na hupasuka usipokitazama. Mpishi huyu haogopi unga huo, maana ndio utakaoufanya mchuzi uwe mzito. Huvikata vipande vikubwa, akavisuuza mara moja tu. Anayeviosha mpaka maji yatoke safi kabisa, kisha akalalamika kuwa mchuzi haushiki, amejitakia.

Nazi huikuna kwa mbuzi, taratibu, bila kufikia ganda la kahawia. Hukamua kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu, akapata tui zito la kuweka kando. Machicha hurudia kuyatia maji, likatoka tui jepesi. Hili ndilo linalopikia viazi, pamoja na kitunguu, saumu, manjano na pilipili nzima ambayo ole wako uipasue.

Sasa moto. Viazi vikianza kutokota, huchukua koleo akayatawanya makaa ya seredani, mengine akayatoa kabisa. Mapovu hubaki machache, pembeni mwa sufuria. Hafunui kila mara, anasikiliza. Mchuzi ukianza kunguruma, kaa moja zaidi hutoka. Wali uko jiko la pili, watoto wanauliza chakula, naye hasogei.

Tui zito huingia viazi vikishalainika, na hapo mkono haupumziki. Huchota kwa upawa, akainua, akamimina. Huchota tena, akamimina. Tui ni matone ya mafuta ndani ya maji, yakishikiliwa na protini. Likiachwa lichemke kwa nguvu, protini huharibika, mafuta yakapanda juu na chini pakabaki maji yenye chembechembe: tui limekatika, na kulirudisha si rahisi. Kiazi kimoja au viwili huvisetia kwenye ukingo wa sufuria, na wanga wake hulisaidia tui kushikamana. Ndimu huikamua sufuria ikishaepuliwa. Ukiitia mapema, ukali wake huvifanya viazi vikatae kulainika hata ukipika mpaka magharibi.

Wamarekani waliitafutia subira hii mashine. Irving Naxon alipata hataza ya chungu chake cha umeme mwaka 1940, akikumbuka masimulizi ya mama yake kuhusu chakula cha Sabato cha Kiyahudi kilicholazwa usiku kucha katika tanuri la mwoka mikate huko Lithuania. Mwaka 1971 kampuni ya Rival ikakiuza kwa jina la Crock-Pot. Viazi vya nazi vinapikika humo vizuri tu, mradi tui zito lingoje mwisho. Chungu hicho kinajua kutuliza moto, kusikiliza hakijui.

Tui la kopo nalo mara nyingi hutiwa vitu vya kulishikiza, kwa hiyo halikatiki kirahisi, na mimi sina ugomvi na anayelitumia siku za kazi. Mpishi wa seredani ndiye mwenye ugomvi, na nikishamega chapati nikachovya kwenye mchuzi wake, huwa sina hoja ya kumtetea mtu wa kopo.