Mstari Namba 1000

Mtu anayechagua mchele haangalii mchele. Mchele upo, umejaa ungo. Macho yanatafuta chuya na vijiwe, vidole vinaokota na kutupa, na kile ambacho hakikuguswa ndicho kinachokwenda chunguni. Nilipoingia kazi ya mitandao nilidhani kuchuja njia ni hivyo hivyo: unatafuta kibaya, unakitoa. Mzee aliyenifundisha alinikatiza wiki ya kwanza. "Hapa tunaokota mchele," akasema. "Punje unayoijua, itie chunguni. Zote zilizobaki kwenye ungo mwaga, hata kama huoni ubaya wake."

Ilinichukua miaka kuelewa uzito wa maneno yale.

Intaneti haina ramani iliyotundikwa mahali. Ina mitandao makumi ya maelfu inayojitawala, kila mmoja na namba yake, na ruta za mipakani hujua dunia kwa kuambiwa tu. Anayeiambia ruta huitwa jirani. Ndilo neno la kazini, na limepata mahali pake. Jirani anatangaza: anwani hizi zinafikika kupitia kwangu. Ruta inasikia, inaandika kwenye jedwali lake, kisha nayo inawapasha majirani wengine. Lugha wanayosemezana ni BGP. Muhtasari wake wa kwanza Kirk Lougheed na Yakov Rekhter waliuchora kwenye karatasi za kufutia mikono wakati wa chakula, Januari 1989, wakiwa kwenye mkutano wa wahandisi huko Austin, Texas. Wakati ule mitandao ilikuwa michache na wahandisi wake wakifahamiana kwa sura, kwa hiyo lugha ilizaliwa na imani ya watu wa mtaa mmoja: asemalo jirani ni kweli. Mtaa umekua, imani imebaki ile ile. Kinachoilinda ni orodha anayoiandika fundi.

Tarehe 24 Februari 2008 orodha hiyo ilikosekana mahali pamoja. Serikali ya Pakistan ilikuwa imeamuru YouTube ifungwe nchini humo. Pakistan Telecom ikatekeleza kwa kutangaza njia ya uongo: fungu la anwani 256 lililomo ndani ya fungu la anwani 1,024 ambalo YouTube yenyewe ilikuwa ikilitangaza. Njia ile ilikusudiwa iishie ndani, iwapotoshe watu wa Pakistan peke yao. Ikavuja. Ikamfikia mtoa huduma wao wa juu, PCCW wa Hong Kong, naye akaipokea kama ilivyo na kuisambaza duniani.

Hapa kuna kanuni moja ambayo kila fundi wa ruta huiota hata usingizini: njia finyu huishinda njia pana. Mgeni aliyeelekezwa mpaka kwenye mlango hatamfuata aliyemtajia mtaa tu. Ruta za mabara yote zikaona mlango umetajwa, zikaelekea huko, na kwa muda wa saa mbili hivi sehemu kubwa ya dunia ikitafuta YouTube ilipelekwa Pakistan, kwenye shimo. YouTube walijitetea kwa kutangaza nao fungu lile lile la 256, kisha wakalikata nusu mbili za 128, wakitaka kuwa finyu zaidi ya mwongo. Mambo yalitulia kabisa pale mtoa huduma wa juu alipoziondoa njia za Pakistan Telecom.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huilaumu Pakistan. Mimi jicho langu liko kwa yule aliyepokea. Kuteleza kwa mteja ni jambo la kila siku. Aliye juu yake alipaswa kuwa na orodha ya anwani za mteja yule, mistari ya kuhesabika, na dunia isingejua kwamba mtu aliteleza.

Nataka uione orodha yenyewe, maana uzuri wake uko kwenye vitu vidogo. Kila mstari una namba, na namba haziendi moja, mbili, tatu. Zinaruka: 10, 20, 30. Fundi cherehani mzuri huacha kitambaa cha ziada ndani ya pindo, kwa sababu mtoto atakua. Fundi wa njia naye huacha nafasi, kwa sababu kesho mteja atapata anwani mpya na mstari wake utataka kukaa kati ya 20 na 30. Tena mpangilio ni amri. Ruta husoma kutoka juu, na mstari wa kwanza unaolingana na njia ndio unaoamua, haisomi zaidi. Weka ruhusa pana juu na katazo finyu chini yake, katazo hilo ni pambo tu.

Kwa jirani ambaye huwezi kuorodhesha vyote anavyovijua, kwa mfano mtoa huduma anayekuletea njia za dunia nzima, zipatazo milioni moja, ndipo unaporudia uchaguaji wa kawaida wa mchele. Unatoa anwani zinazoanza na 10 na zile za 192.168, kwani hizo ni za majumbani na maofisini na hazina haki ya kutangazwa barabarani. Unatoa vipande vidogo kuliko anwani 256. Na unatoa anwani zako mwenyewe: mtu asikubishie hodi akikuambia yeye ni wewe.

Kuchuja kuna sehemu ya pili ambayo ni ya upole zaidi, kupanga upendeleo. Njia mbili zote halali, ipi itangulie? Mafundi wengi humtanguliza mteja, kisha jirani wa kubadilishana naye bure, kisha mtoa huduma anayelipwa. Nairobi ilipata kituo cha kubadilishana data, KIXP, mwaka 2000, na Dar es Salaam ikapata TIX mwaka 2004. Lakini nyaya zikiwepo na upendeleo ukiwa umepangwa vibaya, ujumbe wa kutoka Dar kwenda Nairobi unaweza kuzunguka Ulaya kwanza ndipo ufike. Nimeyaona hayo kwa macho. Mstari mmoja ukarekebishwa, safari ikawa fupi, na aliyekuwa akituma ujumbe hakujua lolote.

Mzee alikuwa na desturi mbili ambazo nazishika mpaka leo. Kabla ya kugusa ruta iliyo mbali aliiambia kwanza: baada ya dakika kumi jizime, ujiwashe upya. Akikosea na kujifungia nje, ruta itarudi katika hali ya jana bila mtu kupanda gari usiku. Kazi ikienda sawa, anafuta agizo lile na kuhifadhi.

Desturi ya pili ni mstari wa mwisho. Ruta nyingi hukataa zenyewe chochote ambacho orodha haikukitaja. Hakuna haja ya kuandika. Mzee aliandika. Namba 1000, kataa vyote. Nilimuuliza kwa nini anarudia kitu ambacho kipo. "Katazo lisiloandikwa halina hesabu," akajibu. Kila mstari ulioandikwa hubeba kihesabu, na ruta hukiongeza kila njia inapogonga hapo.

Usiku mmoja, mzee akiwa ameshastaafu, mteja wetu mmoja aliyekuwa na watoa huduma wawili alibadilisha mitambo yake. Kwa bahati mbaya akachukua kila alichosikia kwa mtoa huduma wa pili na kutusomea sisi, kana kwamba dunia nzima inafikika kupitia ofisini kwake. Kwa mkataba alikuwa na mafungu matatu tu. Hakuna kengele iliyolia. Wateja wengine waliendelea na sinema zao na simu za video na ndugu zao walio Muscat na Minneapolis.

Niliyajua asubuhi, nikipitia orodha kama nipitavyo kila siku kabla ya chai. Mistari ya 10, 20 na 30 ilikuwa na vihesabu vidogo vya kawaida. Mstari namba 1000, ambao kwa miezi ulikuwa umesimama kwenye sufuri, ulisoma zaidi ya laki saba. Nikampigia mteja, nikamsalimu, nikamwambia taratibu kuna kitu akitazame upande wake. Kisha nikampigia mzee, nikamsomea ile namba tarakimu kwa tarakimu. Akanyamaza kidogo, akaniomba niirudie.