Heko Mafundi Saa wa Masasi na Newala

Aliyerithi saa ya mfukoni kutoka kwa babu yake, Masasi au Newala, asiikimbilie sokoni kuiuza. Aanze kwa fundi saa.

Fundi hufungua mfuniko wa nyuma, akabana lenzi jichoni, akaonyesha nambari iliyochongwa kwenye mashine. Hiyo ndiyo ya kufuatilia, kwa sababu kasha huweza kubadilishwa. Kwa saa za Waltham au Elgin za Marekani, nambari ya mashine husaidia kujua mwaka zilipotengenezwa. Kama ndani kuna tundu la ufunguo, huenda saa ni ya karne ya 19, kabla kifundo cha juu cha kuikazia hakijaenea.

Kisha anaeleza inavyokwenda. Springi iliyokunjwa inasukuma magurudumu, na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi linayazuia yasikimbie. Katika saa nyingi za zamani gurudumu hilo hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kila sekunde. Mafuta yakikauka na vumbi likaingia, vyuma hulika. Ndiyo maana saa iliyolala miaka mingi isitiwe ufunguo kabla haijasafishwa.

Wala saa si ngeni kwetu: Masasi imeishi na watu wa ratiba tangu Askofu Edward Steere alipofungua misheni mwaka 1876. Leo simu zinatosha kutupa majira, lakini hazifundishi subira ya bisibisi na kibano. Mafundi wetu wanastahili heshima. Tuwapelekee kazi, na vijana wetu wakajifunze kwao.