Tone Moja la Jicho Lililorukwa

Wengi wenu mlifika kulitembelea banda lile la kuku la Ganda, Malindi, msimu uliopita, kwa hivyo sitalieleza upya. Mliwaona kuku wakichakura chini ya minazi, mkawaona makoo wakiatamia kwenye vikapu vya makuti, mkarudi makwenu mkisema hivi ndivyo kuku wa kienyeji anavyotakiwa kufugwa. Nami nasema hivyohivyo. Kati ya Mtwapa na Marereni nimeona mabanda mengi, na machache yalitunzwa kama lile. Lakini leo banda lile ni tupu, na kilicholimaliza si mwewe wala mwizi. Ni uamuzi mmoja wa mwenye banda, wa mwezi wa Novemba: chanjo ya kideri, ugonjwa wa Newcastle, isirudiwe, kuku wapewe maji ya shubiri na mwarobaini badala yake.

Kundi lilikuwa limechanjwa Agosti, tone moja kwenye jicho la kila ndege, kazi iliyofanywa kwa utulivu jioni kuku wakiwa wamelala. Kinga ya tone lile kwa kuku wa kienyeji huhesabiwa miezi mitatu, ikizidi sana minne. Agosti mpaka Novemba ndiyo hiyo miezi mitatu. Tena Novemba si mwezi wa kawaida kwetu. Kaskazi iko mlangoni, sikukuu za Desemba zinakuja, na kuku wa Magarini, wa Ganze na wa Bamba huanza kuteremshwa Malindi na Kilifi kwa wingi, wamening'inizwa vichwa chini kwenye pikipiki, au wamejazwa kwenye matenga juu ya matatu. Anayeuza kuku wakati huo mara nyingine anauza kwa sababu wa jirani wameanza kusinzia. Kama kuna mwezi mmoja wa mwaka ambao mfugaji wa Pwani hapaswi kuuacha upite bila chanjo, ni huo. Angeiruka ya Mei, ningenung'unika. Aliiruka ya Novemba.

Sababu aliyoitoa naijua, na nyinyi mliisikia. Alitaka kuku wake wauzwe kama kuku wa asili tupu, wasioguswa na dawa ya duka, ili wanunuzi wa Watamu na wenye mikahawa ya mjini wamlipe bei inayostahili. Nia hiyo naiheshimu. Kwenye safu hii nimepiga kelele miaka mingi kuhusu antibiotiki zinazomiminwa kwenye maji ya kuku wazima, eti wanene haraka, kisha ndege akachinjwa kabla dawa haijatoka mwilini. Huo ni uchafu na nitaendelea kuupinga. Lakini chanjo ya kideri haiko kwenye kapu hilo. Haiachi sumu kwenye nyama wala kwenye yai. Aliyeziweka pamoja antibiotiki na chanjo alichanganya mambo mawili yasiyohusiana, na mchanganyiko huo ndio uliomgharimu.

Tazameni chanjo ya I-2, ya tone lile la jicho, ilikotoka. Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hakuiunda kwa kemikali. Alikichukua kirusi cha jamii ileile ya kideri, lakini kipole, kilichokutwa kikiishi ndani ya kuku wazima wasio na ugonjwa wowote. Kikatafutwa kile kinachostahimili joto, ili chanjo isafirishwe vijijini bila kutegemea barafu kila hatua. Kuku akitiwa tone, mwili wake wenyewe ndio unaojifunza kujikinga. Sasa niambieni, katika vyote vilivyofanywa kwenye banda lile, kuna njia gani ya asili kupita hiyo?

Shubiri ninayo nyumbani, na mwarobaini uko kila kona ya Malindi. Natumia vyote viwili. Jani la mwarobaini likiwekwa kwenye viota husaidia kuwapunguza utitiri na chawa, na sina ugomvi na anayechanganya shubiri kwenye maji ya kuku. Ila kideri ni kirusi, na hakina tiba. Hakuna jani, hakuna kidonge, hakuna sindano ya daktari yeyote itakayomponya kuku ambaye ameanza kuhara kijani, mabawa yameshuka na shingo imepinda. Kundi lisilo na kinga linaweza kuisha lote ndani ya siku chache. Kuku watakaonusurika watanusurika kwa bahati yao, na mfugaji atawahesabu kisha aseme ni shubiri iliyowaokoa. Hivyo ndivyo imani hii inavyoendelea kuishi.

Hata pale Ganda, Januari, koo wa kwanza aliposimama amejikunyata pembeni, jambo lililofanywa ni kuongeza ukali wa shubiri. Wengine wenu mlishauri wachanjwe siku ileile. Ushauri huo nao ulikuwa umechelewa, kwa maana chanjo inahitaji kama wiki mbili ili kinga ikamilike, na kuku aliyekwisha kuambukizwa hapaswi kuchanjwa. Kwa hiyo tusijadili sana kilichofanywa Januari. Mambo yaliamuliwa Novemba.

Nimesikia pia mabishano kuhusu ugonjwa ulivyoingia. Kuna wanaomlaumu jimbi aliyenunuliwa sokoni. Kuna wanaotaja miguu ya wageni, yaani yenu na yangu. Kuna wanaosema kunguru. Mimi naona mabishano hayo hayana faida. Mfugaji wa kuku wa kizimbani anaweza kufunga mlango, akaweka dawa ya kukanyaga mlangoni na kumzuia kila mtu. Kuku wa kuzurura hawezi kufungiwa hivyo. Anakula kwa jirani, anakutana na kuku wa njiani, anachakura pale ulipomwagwa jana utumbo wa kuku aliyenunuliwa mjini. Ufugaji huria hauna ua, na chanjo ndiyo ua wake wa pekee. Kadiri unavyotaka kuku wako waishi kwa uhuru, ndivyo unavyoihitaji zaidi. Mwenye kuku wa asili ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kwenye foleni, na inaniuma kuona ndiye anayejitoa.

Ugonjwa wenyewe si mgeni Pwani. Ulimwengu ulianza kuutambua mwaka 1926, Java na Newcastle ya Uingereza, mji ulioupa jina lake la kitabibu. Kenya iliuandika kwenye kumbukumbu zake mwaka 1935, na ulionekana kwanza huku kwetu Pwani kabla ya kupanda bara. Tumeishi nao karibu karne nzima. Hatuna udhuru wa kushangaa unapokuja.

Mtaniambia bibi zetu hawakuwa na chanjo. Ni kweli, na kwa ufugaji bibi zetu walitushinda mbali. Lakini angalieni walichokifanya hasa. Mama mwenye kuku kumi hakuwaweka wote uani kwake. Koo mmoja alimwekesha dada yake kijiji cha pili, mwingine kwa shangazi ng'ambo ya mto Sabaki. Ugonjwa ukipita na kufagia ua, alikwenda akarudisha mbegu na kuanza upya. Hiyo ni hekima ya watu waliojua kwamba kideri hakipigwi kwa majani. Wangeamini majani yanatosha, wasingekuwa na haja ya kuwatawanya kuku. Wale waliokuwa na kuchi ndio waliojihadhari zaidi, maana kuchi wa Lamu na Malindi, yule mrefu wa miguu, mwenye shingo ya fahari, hutaga kidogo na hukua polepole; kumpoteza ni kupoteza kazi ya miaka. Pale Ganda kundi zima, na majimbi wawili wenye damu ya kuchi, walilala chini ya paa moja.

Mashujaa wengine ni wa juzi. Robyn Alders, daktari wa mifugo kutoka Australia, alifanya kazi hii Msumbiji pamoja na Spradbrow, na mwaka 2001 mwongozo wao wa chanjo ya kuku wa vijijini ulichapishwa. Tanzania ikaitengeneza I-2 yenyewe kule Temeke, Dar es Salaam. Wachanjaji wao walikuwa wanavijiji wa kawaida, wengi wanawake, waliofundishwa kushika kuku, kuinamisha kichwa na kudondosha tone. Walikwenda nyumba kwa nyumba kabla ya msimu wa ugonjwa. Hawakusubiri kuku wa kwanza asinzie. Hiyo ndiyo kazi ninayopimia kazi ya Ganda, na kwa kipimo hicho haikufika.

Mengine ya banda lile yalikuwa sawa. Sakafu ya fito iliyoinuliwa ilimshinda nguchiro. Machicha ya nazi, mchwa waliovunwa kwa chungu cha samadi na makombe ya pwani yaliyopondwa viliwapa kuku mayai yenye ganda gumu. Vifaranga walifunikwa kwa tenga wiki zao za mwanzo, jambo la lazima tangu kunguru wa shingo ya kijivu, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, kuuteka mwambao wote. Makoo kadhaa waliwekewa mayai siku moja, wakaangua pamoja siku ya 21, na vifaranga wakakusanywa kwa makoo wachache ili wengine warudi kutaga. Safi kabisa, na bila mashine ya kutotolea.

Nina maoni pia kuhusu majogoo wa kubadilishana, na sitaacha kuyarudia. Mpango wa kitaifa wa kuku wa Kenya ulioanza mwaka 1976 kwa msaada wa Uholanzi uliwaambia wafugaji watoe majogoo wao wa kienyeji wapewe wa kizungu. Mayai yaliongezeka, lakini vizazi vilivyofuata vikapoteza hamu ya kuatamia, na jogoo mgeni mara nyingi akawa wa kwanza kufa ugonjwa ulipoingia. Pale Ganda hawakuingia kwenye mtego huo. Walibaki na mbegu ya nyumbani, makoo wanaojua kulalia mayai. Ndiyo maana hasara hii ni kubwa. Kuku wa kisasa utawaagiza tena kwa basi la asubuhi. Makoo kama wale huwapati dukani.

Najua kikwazo halisi, nacho si imani peke yake. Chupa ya chanjo mara nyingi ni ya kuku mia au zaidi, na mwenye kuku ishirini anaona anatupa pesa, kwa kuwa ikishachanganywa haifai kuwekwa mpaka kesho. Basi changeni. Nyumba tano za Ganda, sita za Gede, nne za Mambrui, kila kundi chupa moja, jioni moja. Bei yake haifiki bei ya jimbi mmoja. Mkipata I-2, mpeni kila ndege tone lake moja la jicho. Dukani mkikuta ile ya Lasota tu, ibebeni kwenye chombo chenye barafu, maana jua la Malindi litaiua kabla hamjafika nyumbani, na kama ni ya kunywesha msiichanganye na maji ya mfereji yaliyotiwa dawa. Tumieni maji ya mvua au ya kisima, kuku wawe wamekaa na kiu kwanza, wamalize ndani ya saa mbili.

Wagonjwa msiwachanje, na msiwapeleke sokoni. Waliokufa wachomeni au wazikeni kwa kina. Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili. Na wewe mfugaji wa Ganda, ambaye najua unasoma safu hii, anza tena. Tafuta makoo wawili wa nyumbani na jimbi mwenye damu ya kuchi, ufanye kila kitu kama ulivyofanya mwanzo. Lakini zungumza na afisa wa mifugo wa wadi yako sasa hivi, muandike tarehe ya chanjo ya Novemba, na siku hiyo ikifika msiisogeze.