Sarufi ya Mahali Jukwaani: Uhakiki wa Kazi za Alan Ayckbourn

1. Utangulizi

Alan Ayckbourn, aliyezaliwa London mwaka 1939, ameandika tamthilia zaidi ya 80, na nyingi kati yake ameziongoza mwenyewe kwanza huko Scarborough, mji wa pwani kaskazini mashariki mwa Uingereza. Wingi huo, pamoja na vicheko vinavyoandamana nao, umewafanya baadhi ya wahakiki wamweke katika fungu la watunzi wa ramsa za tabaka la kati. Makala hii inashikilia kuwa uainishaji huo unatokana na kumsoma kama mwandishi tu. Ayckbourn ni mwongozaji anayeandika. Katika kazi zake bora, maana haibebwi na maneno peke yake, bali pia na mahali yanapotamkwa.

2. Shule ya jukwaa la duara

Mwaka 1957 alijiunga na kundi la Stephen Joseph, lililokuwa likiigiza katika maktaba ya umma ya Scarborough, hadhira ikiketi pande zote za jukwaa. Alifanya kazi za nyuma ya jukwaa na kuigiza kabla ya tamthilia yake ya kwanza kuonyeshwa mwaka 1959. Kisha, kuanzia 1972 hadi 2009, alikuwa mkurugenzi wa sanaa wa kundi hilo. Jukwaa la namna hii halina ukuta wa nyuma wa kuchorea mandhari. Mahali hujengwa kwa fanicha chache, mwili wa mwigizaji na usemi wake. Sharti hilo la kiufundi ndilo lililozaa utunzi wake.

3. “Hapa” ya nani?

Katika How the Other Half Loves (1969), sebule za familia mbili, Foster na Phillips, zimepandanishwa juu ya jukwaa moja. Fiona na Teresa hupishana bila kuonana, maana kila mmoja yuko kwake. Kilele chake ni karamu mbili, ya Alhamisi na ya Ijumaa, zinazoonyeshwa kwa wakati mmoja: wageni walewale, William na Mary Featherstone, wameketi kwenye viti vya kuzunguka na hugeuka kutoka kwa wenyeji hawa kwenda kwa wale, yaani kutoka usiku mmoja kwenda mwingine.

Kiisimu, huu ni mchezo wa uashiriaji. Kiingereza kina neno moja la kawaida la mahali alipo msemaji, nalo laweza kuelea juu ya nyumba zote mbili. Mfasiri wa Kiswahili atalazimika kuchagua kati ya “hapa”, “huku” na “humu”. “Humu” ingemfungia Teresa ndani ya kuta zake. “Hapa” ingemwacha akiashiria zulia lilelile analolikanyaga Fiona. Uamuzi huo haupatikani katika matini pekee. Ni lazima kujua mwigizaji amesimama wapi.

The Norman Conquests (1973) inalipanua swali hilo. Wahusika sita wanapitisha wikendi moja katika nyumba moja, lakini chumba cha kulia, sebule na bustani kila kimoja kina tamthilia yake. Anayetoka katika tamthilia moja huenda anaingia katika nyingine. “Kule” ya hii ni “hapa” ya ile. Kicheko hubadilika uzito mtazamaji anapojua kilichokuwa kikitendeka upande wa pili wa mlango.

Katika Woman in Mind (1985) mbinu hii inafikia ukomavu. Susan amekanyaga reki, mpini ukampiga kichwani. Anapozinduka, maneno ya daktari anayasikia kama lugha isiyoeleweka. Tangu hapo tunaona anachokiona yeye tu, ikiwemo familia kamilifu aliyojibunia. Mwishoni ni yeye anayetamka lugha isiyoeleweka. “Hapa” yake imebaki ndani ya kichwa chake, wala hakuna wa kuifikia. Anayemwita Ayckbourn mtunzi wa ramsa hana budi kuueleza mwisho huu.

4. Mipaka ya mbinu

Mbinu hii ina gharama yake. House na Garden (1999) ni tamthilia mbili zinazochezwa kwa wakati mmoja katika kumbi mbili, na waigizaji walewale wakikimbia baina yake. Hapa mpango wastaajabisha kuliko wahusika wanavyogusa. Aidha, ulimwengu unaosawiriwa katika nyingi ya kazi zake ni mwembamba kitabaka, na ustadi wa jukwaa hauupanui.

5. Hitimisho

Katika madarasa yetu tamthilia husomwa mno kwa jozi ya fani na maudhui, na maelekezo ya jukwaani hurukwa kama mabano yasiyo na uzito. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo akipewa The Norman Conquests ataorodhesha dhamira za ndoa, usaliti na upweke, asione kwamba upweke huo umejengwa kwa milango. Tunapendekeza kila kionyeshi cha mahali katika tamthilia kiulizwe: msemaji yuko wapi, nani mwingine yupo hapo, na nani asiyeonekana? Lugha inayotofautisha PA, KU na MU ina chombo cha kuuliza hayo kwa usahihi. Ni hasara kukiacha chombo hicho katika darasa la sarufi.