Saratani ya jicho la ng'ombe Rungwe: kosa huanzia kwenye tyubu

Saratani ya jicho kwa ng'ombe hushika zaidi macho yenye kope zisizo na rangi, na wanaoipata zaidi ni wenye umri wa miaka mitano na kuendelea. Rungwe, wilaya ya Friesian na machotara wake, ina kila sababu ya kuijua: nyuso zenye weupe kuzunguka macho, mwinuko, na mionzi ya jua ambayo mawingu ya Tukuyu hayaizuii yote. Zebu wa Wanyakyusa hakujaza ndoo, lakini kwa kope zake nyeusi alimwacha mgeni mbali.

Uamuzi unaoharibu kazi hufanywa siku ya kwanza. Kinyama cha ukubwa wa punje ya hindi kimeota kwenye kope ya tatu (utando wa kona ya ndani ya jicho), jicho linachuruzika, na mfugaji anauziwa dukani tyubu ya oksitetrasaikilini. Dawa hiyo ni ya bakteria. Kwa saratani haina kazi. Ubaya wake ni nafuu ya uongo: bakteria waliodandia kidonda hupungua, usaha hukauka, mfugaji huridhika, na tyubu ya pili hununuliwa. Ikishindwa inafuata sindano, na maziwa ya siku kadhaa humwagwa. Au hayamwagwi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Wakati huo kinyama kinakua. Kikiwa punje, kazi ni ya dakika chache: matone ya ganzi, koleo, mkasi, kope ya tatu huondoka, jicho hubaki. Kikiachwa miezi hupenya nyuma ya mboni, na hapo ni ganzi ya lidokeini nyuma ya jicho na kuling'oa zima. Kikifika kwenye tezi iliyo chini ya sikio, kisu hakiokoi tena. Ng'ombe ni wa machinjioni, na mkaguzi wa nyama anaweza kuukataa mzoga wote. Bwana mifugo wa zamani, kabla huduma hazijaachiwa soko miaka ya 1990, alianza kwa kuipapasa tezi hiyo. Siku hizi anayeamua ni muuza dawa, naye ng'ombe hajamwona.

Kugandisha kwa nitrojeni ya kimiminika, mara mbili mfululizo, hufaa kwa uvimbe usiozidi sentimita 2.5 hivi. Nitrojeni hiyo ndiyo inayotunza mbegu za uhimilishaji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Mtungi unamfuata mtamba hadi zizini, lakini ng'ombe mwenye uvimbe zizi la pili hakumbukwi.

Chunjua za ndama zisichanganywe na saratani hii: huletwa na virusi na kwa kawaida hupukutika zenyewe baada ya miezi.

Kinyama kilichokatwa huwekwa kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama chenyewe, na kupelekwa maabara ya veterinari. Mfugaji aliyemaliza tyubu ya kwanza na kinyama bado kipo asinunue ya pili.